Vidole vitano vya mtani

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba mabao matano kwa moja. Msomaji wangu wa Msimbazi, usifunge gazeti. Leo nitajisema mwenyewe kuliko nitakavyokusema wewe.

Mimi ni Yanga. Sifichi, maana waumini wangu wote wanajua. Nilikulia Tanga mjini, ambako mtoto alitakiwa kuchagua kati ya Coastal Union na African Sports kabla hajaota meno. Lakini marehemu baba alikuwa mtu wa Jangwani, na imani ya baba ikashuka kwa mwana. Coastal walipochukua ubingwa wa ligi mwaka 1988 nilikuwa seminarini, nikashangilia na wenzangu hadi sauti ikakauka. Moyo ukabaki kijani na njano.

Basi Jumapili iliyofuata yale mabao matano nilikwenda kuadhimisha Misa kwenye kigango kimoja pale Mazinde nikiwa na furaha isiyo na breki. Kama hupajui Mazinde, ukitoka Korogwe kwenda Same, ukishapita Mombo, utaona milima ya Usambara imesimama kulia kwako kama ukuta, na chini yake tambarare ya joto yenye mkonge na vumbi. Huko ndiko.

Misa ilikwenda vizuri. Tukafika kwenye matangazo. Nikasoma ndoa zinazotarajiwa, nikakumbusha zaka na michango, kisha nikamwona mzee mmoja kwenye benchi la pili, Simba wa kuzaliwa. Watu walikuwa wameniambia kwamba siku ya mechi alitoka kwenye kibanda umiza kabla ya filimbi ya mwisho. Nikasogeza kipaza sauti, nikainua mkono wa kulia, nikatandaza vidole vitano. Nikasema, "Kabla ya baraka ya mwisho, nawapeni baraka ya mkono mzima. Mzee wetu wa benchi la pili aipokee mara mbili."

Kanisa lilicheka. Kwaya walipiga vigelegele. Mzee akachukua kofia yake, akatoka nje kwa mlango wa pembeni. Mimi nikaongeza, "Mnaona? Hata Jumapili iliyopita alitoka kabla ya filimbi." Watu wakacheka tena.

Siku tatu baadaye katekista alinipigia simu. Alisema kwa upole wa makatekista, ambao hukuchoma kuliko ukali wa askofu, "Padri, ukipata nafasi ufike kwa yule mzee."

Nilifika kwa bodaboda. Nyumba yao iko nyuma ya mashamba ya mkonge, imeezekwa bati lenye kutu, ina mwembe mbele. Ndani, mke wake alikuwa amelala kitandani. Alikuwa amelala hivyo tangu baada ya Pasaka. Ile Jumapili mzee alikuwa amemwacha kwa majirani kwa saa moja na nusu, akaja kanisani mapema, akakaa mbele ili Misa ikiisha aniwahi kabla sijapanda pikipiki. Alitaka kuniomba nimletee mkewe Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa.

Miezi saba. Kigango hicho nilikuwa nakitembelea mara mbili kwa mwezi. Matokeo ya Yanga nilikuwa nayajua yote kwa tarehe na wafungaji. Kwamba kuna mama anaugua nyuma ya mkonge, sikujua.

Nilimpaka mafuta yule mama siku hiyo hiyo. Kisha tulikaa chini ya mwembe, na ndipo nikaona jambo ambalo limenifanya niandike makala haya. Akaja jirani, mzee wa makamo kama yeye, amebeba madumu mawili ya maji yaliyofungwa kwa kamba. Alikuwa amevaa jezi ya Yanga iliyopauka. Akayatua madumu, akanisalimu vizuri, halafu akamgeukia mwenyeji wangu na kumtandazia vidole vitano usoni. Akasema, "Shika kono la nyani hili, Mnyamwezi wewe, ndilo linalokuchotea maji."

Mzee akacheka. Alicheka hadi akakohoa.

Vidole vilikuwa vile vile vitano, na mechi ilikuwa ile ile. Nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona kwangu ulitoka nje?"

Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Padri, huyu ni mtani wangu. Yeye Mzigua wa Handeni, mimi baba yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge. Lakini acha hayo ya makabila. Mke wake ndiye anayemwogesha mke wangu. Yeye mwenyewe ndiye anayeleta maji kila asubuhi. Vidole vyake navijua, vina sugu ya kamba ya madumu yangu. Vyako, Padri, sikuvijua."

Ndugu msomaji, nimesoma falsafa miaka mitatu na teolojia miaka minne. Sikumbuki profesa aliyenifundisha somo zito kama lile kwa maneno machache kiasi kile.

Sisi Watanzania tunapenda kujisifu kwamba tuna utani, na ni kweli ni mali yetu ya kujivunia. Wazee wetu waliujenga mahali palipokuwa na hatari. Mwingine ulizaliwa vitani: Wahehe na Wangoni walimwagana damu katika karne ya 19, na leo wajukuu wao wanatukanana kwa kicheko. Mwingine ulizaliwa njiani. Mazinde yenyewe ilikuwa mji wa misafara. Semboja, mwana wa Kimweri wa Vugha, alishuka kutoka milimani akaweka makao yake pale tambarare ili awe karibu na njia ya biashara. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyepita nchi ya Wazigua akiwa na njaa, au akifa njiani mbali na kwao, alihitaji mtu wa kumlisha au kumzika. Mtu huyo alikuwa mtani. Baadaye ilikuja reli, ukaja mkonge, wakaja manamba kutoka kila pembe ya nchi, na kambi za mkonge zikawa shule nyingine ya utani. Mzungu mmoja, Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani kwenye Usambara ya Mashariki, alivutiwa na jambo hili hata akawaacha ndege wake kidogo, akaandika kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940.

Angalia basi mkataba wenyewe. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kuku, kukucheka msibani. Na mtani huyo huyo ana wajibu wa kukulisha ukipita kwake, kuchimba kaburi lako na kukuosha ukifa. Ruhusa na wajibu vimefungwa kamba moja, kama yale madumu mawili. Ukibeba moja bila lingine utakwenda upande.

Mimi nilichukua ruhusa nikaacha wajibu. Na si mimi peke yangu. Nikitazama michezo yetu, muziki wetu na siasa zetu, naona tumebaki na dumu moja.

Tuanze na mpira. Yanga ilianza mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na kwa miaka yote hiyo tumeziita timu za watani wa jadi. Zamani wa Simba waliitwa Mikia na wa Yanga Kandambili. Siku hizi ni Makolo na Utopolo. Mimi sioni dhambi hapo. Lakini fungua simu yako usiku wa mechi. Utaona kijana anamwandikia mtu asiyemjua, wa mkoa mwingine, maneno juu ya mama yake, sura yake, ugonjwa wake. Akikemewa anasema, "Si utani tu?" Hapana. Humjui, hujawahi kumchotea maji, na akifa leo hutakuja kuchimba kaburi. Hapo hakuna utani; kuna tusi lililovaa jezi. Kitabu cha Mithali, sura ya 26, kina picha ya mwendawazimu anayerusha mienge ya moto na mishale, na kinamfananisha na mtu anayemwumiza jirani yake kisha akasema alikuwa akifanya mzaha. Maneno hayo yaliandikwa kabla ya simu, lakini yanafaa kubandikwa juu ya kila kundi la WhatsApp.

Kwenye muziki ni hivyo hivyo. Mipasho ya taarab ilikuwa na ufundi: aliyepashwa alikuwa amekaa ukumbini, na zamu yake ya kujibu ilikuwa inakuja. Leo vijana wamegawanyika, huyu wa Diamond, huyu wa Ali Kiba, na wapo waliokosana na ndugu wa damu kwa ajili ya wasanii ambao hawajui hata kama wao wapo duniani. Watu wa Tanga tuna upendeleo kidogo hapo, kwa kuwa Ali Kiba aliwahi kusajiliwa na Coastal Union mwaka 2018. Lakini hata mimi sitamnunia dada yangu kwa ajili ya wimbo.

Halafu kuna vibonzo. Nilipokuwa seminarini, gazeti la Sani lilikuwa mzigo wa magendo. Lilipewa jina kutokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, nasi tulilificha chini ya godoro ili kusoma habari za Kipepe, Madenge, Lodilofa na Dokta Pimbi. Siku moja mlezi wetu alilikamata, akatuhutubia nusu saa juu ya usafi wa mawazo, akaondoka nalo. Jioni wenzangu wawili waliokuwa wakimwagilia maua walimwona dirishani, ameliinamia, mabega yanatikisika. Hatukumwambia kamwe. Tulimpenda zaidi baada ya hapo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini vibonzo vile havikutuachia uchungu. Nadhani ni kwa sababu Ndumilakuwili alikuwa ni sisi. Chakubanga wa Christian Gregory, ambaye wazee wetu walimfuata kwenye gazeti la Uhuru, alikuwa jirani yetu. Hata leo Masoud Kipanya amechagua mnyama anayekaa ndani ya nyumba. Panya anajua unga uko wapi, anajua nani alirudi usiku wa manane, na nyumba ikiungua naye anaungua. Mchoraji mzuri huwacheka wakubwa akiwa mtu wa nyumba moja nao. Godfrey Mwampembwa, tunayemwita Gado, alihamia Nairobi mwaka 1992 na kuwachora viongozi wa kanda nzima kwa miaka mingi. Ukitazama kazi zake utaona hasira, naam, lakini ni hasira ya mtu ambaye shamba linaloharibiwa ni lake pia.

Na hapo tumefika kwenye siasa, ambapo padri anatakiwa kutembea taratibu. Nitasema mawili tu.

La kwanza, utani una njia mbili. Mtani anayetania lazima akubali kutaniwa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyetutoka Februari 2024, watu walimwita Mzee Ruksa, na jina hilo aliishi nalo hadi uzeeni bila kumtafuta aliyelianzisha. Lakini pia tumeishi kuona, Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan akishikiliwa na polisi baada ya kujirekodi akicheka picha ya zamani ya Rais. Sijui kuchora wala kuchekesha, ila najua kwamba nyumba ambayo mkubwa anacheka peke yake ina watoto wanaolala na hofu.

La pili linanirudia mimi mwenyewe. Siku ile Mazinde mimi nilikuwa na kipaza sauti, na yule mzee hakuwa nacho. Nilikuwa nimesimama juu altareni, na yeye amekaa chini. Kama angenijibu pale, angeonekana amekosa adabu kwa padri na kwa Misa. Niliyemtania hakuwa na njia ya kunitania. Mwanasiasa anayepanda jukwaani akamcheka mpinzani wake kwa kabila, kwa ulemavu, kwa kukosa mtoto, halafu akasema "natania tu", anafanya kile nilichofanya mimi. Mkubwa akimtania mdogo asiyeweza kujibu, huko ni kumkanyaga. Mdogo akimtania mkubwa, mara nyingi hilo ndilo neno pekee alilobakiwa nalo.

Injili ya Yohane ina mizaha miwili, mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni. Katika sura ya kwanza Filipo anamwambia Nathanaeli kwamba wamempata Masiha, naye ni mtu wa Nazareti. Nathanaeli anabeza: Nazareti kweli inaweza kutoa kitu cha maana? Kauli hiyo hatuielewi mpaka tufike sura ya 21, ambako Yohane anatuambia Nathanaeli alitoka Kana. Kana na Nazareti zote ni za Galilaya, ni majirani! Huu ni utani wa Mombo na Mazinde. Na Yesu hakununa. Alimsifu kwamba ni Mwisraeli asiye na hila, yaani mtu ambaye utani wake hauna sumu.

Sasa geuza ukurasa mmoja tu. Sura ya pili, Yesu yuko wapi? Yuko Kana, kijiji cha yule aliyemcheka, kwenye harusi, na divai imewaishia. Palikuwa na mabalasi sita ya mawe. Aliagiza yajazwe maji, na ninyi mnajua yaliyofuata. Nathanaeli aliuliza kama Nazareti inaweza kutoa kitu cha maana. Mnazareti akaja kwao akawaokoa na aibu ya harusi. Hivyo ndivyo mtani anavyojibu.

Mzaha wa pili uko sura ya 19. Askari wanamvika Yesu joho la zambarau na taji la miiba, wanamsalimu kama mfalme huku wakimpiga makofi. Walicheka sana, bila shaka. Lakini hawakumjua, hawakumbebea kitu, na aliyechekwa hakuwa na nafasi ya kujibu. Yohane ameiweka mizaha hiyo miwili katika kitabu kimoja ili tuipime mizaha yetu. Nilipoketi chini ya ule mwembe niliipima ya kwangu, nikaona kwamba vidole vyangu vitano vilikuwa upande wa askari, tena nikiwa nimevaa kanzu ya Misa, nikitumia mkono wa kubariki.

Nilirudi kigangoni baada ya wiki mbili. Wakati wa matangazo nilieleza kosa langu mbele ya wote, maana nililitenda mbele ya wote, nikaomba msamaha. Kisha nikashuka na kipaza sauti, nikampa mzee wa benchi la pili, nikamwambia ajibu. Alisimama taratibu. Akauliza, "Padri, unaikumbuka tarehe 20 Oktoba 2013?"

Naikumbuka. Kila mtu wa Yanga anaikumbuka. Hadi mapumziko tulikuwa tunaongoza tatu bila. Mpira ukaisha tatu kwa tatu.

Akasema, "Basi usitoe baraka kabla ya filimbi ya mwisho. Na mwaka 1977 tuliwafunga sita, kwa hiyo ukikosa kidole cha sita njoo nikuazime." Kanisa lilicheka kuliko siku yangu. Katekista alilazimika kuinama. Tangu siku hiyo mzee huyo ananiita mtani, na mimi nimeanza kulipa ada yake: kila nikifika Mazinde sipandi pikipiki kurudi kabla sijapita chini ya ule mwembe.

Mama alifariki kabla ya Kwaresima. Nilipofika kuzika nilimkuta yule Mzigua ndani ya kaburi, jasho linamtoka, na hakuwa na jezi ya Yanga. Alikuwa amevaa jezi nyekundu ya Simba. Asubuhi ile, kwa haki ya mtani, alikuwa ameingia ndani kwa mfiwa na kuinyakua kutoka kwenye kamba ya nguo, akitangaza kwamba hiyo ndiyo malipo yake ya kuchimba. Tulipotaka kushusha jeneza alikataa kutoka kaburini mpaka wanaukoo wamlipe. Akaiga sauti ya marehemu akimgombeza mumewe kwa kuchelewa kurudi kutoka kwenye mpira. Mzee, aliyekuwa hajala siku mbili, akacheka huku machozi yanamtoka. Wakamtupia noti, akapanda juu, akamshika mkono, na hakuuachia hadi udongo ulipoisha.

Wiki hii, ndugu yangu, kabla hujatuma kile kibonzo kwenye kundi, kabla hujamwandikia jirani kuhusu timu yake, chama chake au msanii wake, tazama vidole vyako. Kama vina sugu ya dumu lake, mtanie atakavyostahili. Kama havina, weka simu chini, chukua ndoo, nenda ukabishe hodi kwake kwanza.

Nakutakia Jumapili njema. Hata wewe wa Msimbazi.